Mkono Ndani ya Gunia

Mnunuzi wa maharagwe katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, haridhiki na kutazama juu ya gunia. Juu hupambwa. Hukunja mkono wa shati, akazamisha wake mpaka kiwikoni, akatoa konzi ya chini na kuilinganisha na ya juu. Kisha huchungulia gorogoro, lile kopo la kupimia, kuona kama kitako chake kimebonyezwa kuelekea ndani, maana kopo lililobonyezwa hula nafaka ya mtu bila kelele. Mikungu ya ndizi nayo hugeuzwa pande zote kabla bei haijatajwa. Sheria ya mizani na vipimo ipo, na wakaguzi wake wapo, lakini ulinzi wa kwanza wa mnunuzi ni mkono wake mwenyewe. Hisa haina gunia. Anayeinunua anapewa karatasi, na chini ya karatasi hakuna pa kuzamisha mkono. Sheria ya Kenya ya kulinda wawekezaji ilianza kwa kudhani kwamba maandishi yangefanya kazi ya mkono ule. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya kukiri kwamba hayatoshi.

Gusii, eneo ulipo mji huo, ilikutana na neno ulinzi zamani, na halikuja na sura nzuri. Mpaka miaka ya 1930, Mwafrika nchini Kenya hakuruhusiwa kulima kahawa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya hisani: asingeweza kupambana na magonjwa ya mibuni, na ubora wa zao lote ungeshuka. Sababu iliyonong'onwa ni kwamba walowezi walihofia ushindani, na walihofia zaidi kukosa vibarua, kwa kuwa mwenye mibuni yake haendi kuchuma ya mwingine. Kisii, pamoja na Embu na Meru, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kufunguliwa, tena kwa vishamba vidogo na chini ya jicho la maafisa wa kilimo. Mambo haya yanafaa kukumbukwa kila anapotokea mtu wa kusema kwamba dawa ya hasara ni kuwafungia watu wa kipato kidogo nje ya biashara zenye hatari. Ulinzi wa namna hiyo tumeshauona. Ulimkinga mkulima na hasara kwa kumkinga na faida.

Zao la pareto lilileta funzo la upande wa pili. Familia za Kisii na Nyamira zilichuma maua, zikayaanika, zikayapeleka kwa Bodi ya Pareto na kungoja malipo. Katika miaka ya 2000 malipo yalichelewa, kisha yakawa hadithi, na wengi wakang'oa pareto yao. Kwa lugha ya uhasibu, mkulima yule alikuwa mkopeshaji: kila mzigo aliopeleka ulikuwa mkopo usio na dhamana. Hakuna aliyemwambia. Yeye alijua ameuza maua.

Katika soko la hisa, angalau, sheria ya kumwambia mnunuzi ilikuwepo. Bunge lilipitisha sheria ya masoko ya mitaji mwaka wa 1989, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikaanza kazi mwaka uliofuata. Msingi wake ulikuwa ule ambao nchi nyingi zimeufuata tangu Marekani ilipotunga sheria yake ya 1933, baada ya soko la New York kuporomoka: kampuni inayouza hisa iseme ukweli wote kuhusu biashara yake, deni lake na hatari zake, kisha mnunuzi aamue. Kanuni za mwaka wa 2002 zilieleza kwa kina yanayopaswa kuwemo katika waraka wa toleo la hisa. Ni msingi mzuri, na sitaki kuubeza. Bila waraka ule hata mwandishi wa gazeti au mhasibu asingekuwa na la kuchambua. Ila ona unavyofanya kazi. Unaihoji kampuni mpaka mwisho, lakini mnunuzi haulizwi neno.

Pengo hilo lilionekana mchana kweupe mwaka wa 2008. Miaka miwili kabla, hisa za kampuni ya umeme ya KenGen zilikuwa zimeuzwa kwa Sh 11.90, na zilipoingia sokoni zikapanda zaidi ya mara tatu kwa muda mfupi. Nchi nzima ikajifunza hesabu moja tu: nunua, ngoja kidogo, uza. Machi 28, 2008, mwezi mmoja tu tangu mkataba wa amani uliofuata ghasia za uchaguzi, serikali ilianza kuuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, robo yake, kwa Sh 5 kila moja. Benki zilipokea maombi katika matawi yao, na nyingi zilikuwa radhi kumkopesha mwombaji pesa za kununulia. Zaidi ya watu 800,000 waliishia na hisa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo, kwa hiyo wengi walipata sehemu ndogo ya walichoomba na kungoja kurudishiwa salio, huku riba ya mkopo ikihesabiwa kwa kiasi chote walichokopa. Biashara ilianza Juni 9. Bei ikapanda kidogo, kisha ikashuka, na kufikia mapema 2009 hisa ya Sh 5 ilikuwa chini ya Sh 3. Waraka wa toleo haukudanganya. Hatari zilikuwa zimeorodheshwa humo, kwa Kiingereza cha mawakili. Lakini hatari iliyomwangusha mkopaji haikuwa ya kampuni hata kidogo. Ilikuwa yake yeye: pesa si zake, muda wake ni mfupi, na mshahara au majani chai ndiyo ya kulipia. Hiyo haiwezi kuandikwa katika waraka wa mtu yeyote. Lazima aulizwe ana kwa ana, na wa kumuuliza ni yule anayepata kamisheni kwa kumuuzia.

Wapo watakaosema kwamba hapa tunaitetea tamaa. Mtu mzima ametia sahihi, alitaka utajiri wa haraka, avune alichopanda. Hoja hii hupata nguvu ikitajwa DECI na michezo mingine ya piramidi iliyoporomoka mwaka wa 2007, ambapo washiriki waliambiwa wanapanda mbegu na watavuna. Jopo la Francis Nyenze, lililoundwa na serikali, lilikadiria kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya Sh bilioni 8 katika michezo ya aina hiyo. Tamaa ilikuwepo, nani atabisha? Lakini mwenye tamaa hakosekani Daraja Mbili, na bado huzamisha mkono kwenye gunia. Kilichokosekana katika piramidi ni gunia lenyewe. Lugha ya shamba na ya kanisa iliwekwa mahali ambapo swali la pesa zinatoka wapi lingepaswa kukaa. Zaidi ya hayo, waliofuata sheria hawakusalimika pia. Wateja wa Nyaga Stockbrokers, kampuni ya udalali iliyokuwa na leseni na iliyowekwa chini ya msimamizi maalum Machi 2008, hawakuwa wamecheza pata potea. Walikuwa wamenunua hisa halali kwa dalali halali, na fidia waliyolipwa na mfuko wa wawekezaji iliishia Sh 50,000 kwa mtu.

Baada ya vishindo hivyo ndipo zilipokuja kanuni za mwaka wa 2011 kuhusu mwenendo wa mawakala wa soko. Hizi ndizo zilizogeuza mkono. Dalali au mshauri anatakiwa kumjua mteja wake, kutenga mali ya mteja na mali ya kampuni, kupendekeza kinachomfaa mteja huyo, na kuchukua hatua za kumfanya aelewe hatari kabla hajaingia. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, ilikuwa imeshampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma anayolipia. Madalali wanalalamika kwamba haya yote ni gharama, na kwamba mteja wa hisa 200 halipi hata muda wa kumhoji. Ni kweli, gharama ipo. Lakini hata kabla ya 2011 ilikuwepo. Mteja ndiye aliyekuwa akiilipa, baada ya kuumia.

Limebaki pingamizi moja, lenye uzito kuliko mengine. Wenye subira walifaidi, wanasema, kwa hiyo soko halikuwa na kosa. Mwaka wa 2021 hisa ile ile ya Safaricom ilipita Sh 40. Aliyelazimika kuiuza 2009 ili alipe mkopo hakuwa nayo.