Malofu, divai na swali la mwenye mti

Huko Ulaya, mtu anayeanza kujifunza divai anaonyeshwa kwanza shamba la mizabibu. Anaambiwa jina la zabibu, kilima zilikoota na mwaka zilipochumwa. Kasongo na Kabambare hakuna mashamba ya mizabibu, na chupa ya divai inayofika huku bei yake si ya kila mtu. Lakini mingazi iko, ile ile ya mawese, na malofu yake ni divai pia. Anayetaka kujifunza aanzie chini ya mungazi. Hapo atakuta kwamba historia ya kinywaji hiki kusini mwa Maniema ni pia historia ya watu waliohama na kuacha miti yao nyuma.

Kazi ni moja, iwe kwa zabibu, iwe kwa mungazi. Maji ya tunda au ya mti yana sukari. Chachu, ambayo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, inakula ile sukari na kuigeuza kuwa pombe. Tofauti ni muda. Divai ya zabibu inaweza kukaa miaka ndani ya chupa. Malofu hayangojei mtu. Asubuhi yakishushwa ni matamu na mepesi, mchana povu linapanda, jioni yana nguvu, kesho yake yameanza kuwa siki. Kwa hiyo mnunuzi haulizi ni ya mwaka gani, anauliza yameshushwa saa ngapi. Mfaransa Louis Pasteur alitoa mwaka 1866 kitabu juu ya divai na magonjwa yanayoiharibu. Wagema hawakumngojea, ulimi ulikuwa umekwisha kuwafundisha.

Jambo lingine la kuonja ni maji. Watu wa pwani husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Malofu yaliyoongezwa maji povu lake ni dhaifu, na utamu wake haufiki kooni. Anayeanza aonje kidogo kwanza, kabla bidoni haijafungwa.

Kiswahili chenyewe kilifika huku pamoja na misafara ya pwani. David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare, mwaka 1869, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita njia hizo hizo. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip alijiweka Kasongo. Pamoja na pembe, bunduki na utumwa, Uislamu ukaingia, na katazo lake la pombe. Tangu hapo nyumba inayokunywa na nyumba isiyokunywa zinakaa jirani Kasongo, na mtu mwenye adabu anajua ameingia ipi kabla ya kutaja malofu.

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis lilipouteka mji wa Kasongo mikononi mwa Sefu, mwana wa Tippu Tip, daktari Mwingereza Hinde aliyekuwa pamoja nalo alishangaa kukuta mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo, na vyombo vya kioo vya kumiminia. Vitu hivyo vilitoka pwani kwa migongo ya wapagazi. Mwaka 1893 Kasongo ilikuwa na bilauri ambazo maofisa wa Ulaya walikuwa karibu kuzisahau.

Divai ya zabibu, Wakristo wengi waliifahamu kwanza ndani ya kikombe cha padri, kwa sababu sheria ya Kanisa Katoliki inataka zabibu tu; malofu hayakubaliwi altareni. Mapadri Weupe walioleta misa Kasongo walikuwa wa shirika lenye mashamba yake ya mizabibu huko Maison-Carrée, karibu na Algiers. Nje ya kanisa mambo yalikuwa mengine. Mkataba wa Bruxelles wa 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali ya Wabelgiji iliendelea kumkataza Mwafrika divai hadi miaka ya 1950. Bia aliruhusiwa. Mzungu alijifunza divai mezani kwake, na boyi aliyeishika chupa alijifunza kwa kunusa.

Kasongo ya Tippu Tip haipo tena palipo mji wa leo. Mahali pake panaitwa Tongoni, na kwa Kiswahili cha pwani tongo ni mahali watu walipohama. Wabelgiji nao walisogeza vijiji kando ya barabara. Mtu akikuta mingazi mingi imesimama pamoja ndani ya pori, anajua hapo walikaa watu. Miaka hii mapigano ya Mai-Mai Malaika kuzunguka Salamabila, teritori ya Kabambare, yamefukuza familia nyingine, na mingazi yao imebaki bila mwenyewe.

Hapo ndipo njia ya kugema inakuwa jambo kubwa. Mgema anaweza kukwea, akakata shina la ua dume; kila siku anapata kidogo na mti unabaki hai. Au anauangusha: maji yanatoka majuma kadhaa bila hatari ya kupanda, kisha mti umekufa, na mawese, ufagio na makuti vimekwenda nao. Mwenye haraka anaangusha, zaidi kama mti si wake.

Mhami aliyefika Kasongo anakuja na ujuzi mikononi, lakini mti ni wa mwenyeji. Afadhali mapatano yasemwe wazi mbele ya chifu: mti utakwewa au utaangushwa, siku ngapi, bidoni ngapi kwa mwenye shamba. Na kule alikotoka, jirani aliyebaki anaweza angalau kuhesabu mingazi iliyosimama. Mungazi unaopandwa leo hauzai kabla ya miaka mitatu au minne, na ule ulioota wenyewe huchelewa zaidi.