Dawa, Siri na Posa: Maisha ya Wanaoishi na VVU Kisiwani Pemba

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Zanzibar walitambuliwa Unguja mwaka 1986, miaka mitatu baada ya maradhi hayo kuthibitika mkoani Kagera, Tanzania Bara. Tafiti zilizofanywa visiwani tangu mwaka 2002 zimeonyesha kiwango cha maambukizi kisichozidi takriban asilimia 1 ya watu, na kwa wapanga mipango hizo ni habari njema. Lakini kwa Mpemba aliyeambukizwa uchache huo wenyewe uligeuka mzigo, kwani alijikuta pekee kijijini ambako watu hujuana kwa ukoo, na ambako maradhi hayo yalihesabiwa kuwa ya bara, ya wageni au ya walioiasi dini.

Ubora wa maisha, kwa maana ya Shirika la Afya Duniani, hupimwa kwa afya ya mwili, utulivu wa nafsi, mahusiano na watu, na mazingira anamoishi mtu. Kwa kipimo hicho, historia ya Pemba si historia ya dawa tu. Dawa za kufubaza virusi, yaani zinazovizuia visizaliane bila kuvimaliza mwilini, zilianza kutolewa Zanzibar mwaka 2005 katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kliniki ya tiba na matunzo ilipofunguliwa Chake Chake, kisiwani Pemba, Wapemba waliepushwa na safari ya bahari. Mseto wa awali ulikuwa na stavudini, dawa iliyookoa wengi lakini ambayo, ikitumiwa kwa muda mrefu, huyeyusha mafuta ya mashavuni na miguuni, hata aliyepata tena nguvu za kuchuma karafuu akarudi shambani na uso unaotangaza alichokificha. Dawa hiyo iliachwa hatua kwa hatua baada ya ushauri wa Shirika hilo wa mwaka 2009, na nafasi yake ikashikwa na kidonge kimoja kwa siku. Hata hivyo kichupa chenye vidonge 30 hulia kikitikisika, na wapo wanaokishindilia pamba ili kinyamaze, na wapo pia wanaoipita kliniki ya karibu na kwenda ya mbali wasikojulikana.

Siri hiyo iliuma zaidi kwenye ndoa, ambayo Pemba ndiyo mlango wa utu uzima. Wazazi na mashekhe wengi walihimiza posa itanguliwe na cheti cha kipimo, na ndiyo maana jumuiya ya ZAPHA+, iliyoasisiwa mwaka 1994 na watu wanaoishi na VVU, ilithaminiwa na wajane na walioachwa waliopata humo wenza wapya. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 2013 inakataza ubaguzi, ingawa hakuna sheria iwezayo kulazimisha posa ikubaliwe. Siku hizi imethibitika kwamba anayetumia dawa vizuri, hata virusi vyake visionekane katika vipimo vya maabara, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini cheti kinachodaiwa na wazazi huonyesha kuwepo kwa maambukizi tu, hakionyeshi kama virusi vimefubaa.