Kengele 1202 na laini ya simu

Tarehe 20 Julai 1969, saa 5 na dakika 10 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wakishuka kuelekea mwezini ndani ya chombo chao, Eagle, ghafla kompyuta ikapiga kengele. Kwenye kibao cha tarakimu ikasomeka namba 1202. Armstrong akataka waongozaji wa Houston wamwambie maana yake.

Jibu lilikuwa mezani kwa kijana wa miaka 24, Jack Garman, kwenye karatasi aliyoiandika kwa mkono. Wiki mbili hivi kabla, katika mazoezi, kengele ya namna hiyo iliwafanya wakatishe safari bila sababu, naye akaagizwa azijue zote. Akamwambia Steve Bales, msimamizi wa uongozaji: kama hailii mfululizo, waendelee. Wakaendelea. Ikalia tena, na tena, na saa 5:17 Eagle ikatua.

Kompyuta ile ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi haikuzidi kilobaiti 4. Rada ya kutafutia chombo mama ilikuwa imeachwa ikiwaka, na kwa hitilafu ya umeme ikawa inakula muda wa kompyuta bure. Kazi zikarundikana hadi nafasi zikaisha. Hapo ndipo programu iliyoitwa Executive, iliyobuniwa na Hal Laning wa MIT, ilipoonyesha thamani yake. Ilikuwa imeipa kila kazi cheo. Kazi zilipofurika, ilijianzisha upya kufumba na kufumbua, ikazirudisha zile ambazo bila hizo watu wangekufa, yaani injini, mwelekeo na kimo, na nyingine ikaziacha zisubiri.

Executive ilikuwa mfumo endeshi, na sijui mfano unaoeleza kazi ya mfumo endeshi vizuri kuliko huo. Kompyuta ni moja, wanaoihitaji ni wengi, na lazima awepo wa kuamua nani atangulie.

Mwanzoni aliyeamua alikuwa binadamu. Miaka ya 1950 mhandisi aliweka miadi, akaingia chumbani na kadi zake zilizotobolewa, na mashine ya bei kubwa ikakaa bure huku yeye akipanga vitu vyake. Mwaka 1956 General Motors na North American Aviation waliandika programu ya kuifanya kompyuta ya IBM 704 ipokee kazi moja baada ya nyingine bila kungoja mtu.

Kiangazi kilekile cha 1969, majuma machache baada ya Eagle kutua, Ken Thompson wa Bell Labs, New Jersey, alibaki peke yake nyumbani. Mkewe alikuwa amempeleka mtoto California kwa wakwe. Kazini palikuwa na kompyuta ya PDP-7 ambayo haikuwa na wateja wengi. Kwa muda huo mfupi, akiitengea kila sehemu kama wiki moja, akaandika mfumo endeshi ambao baadaye uliitwa Unix. Shida yake haikuwa ya mwezini. Mfumo huo ulikuja kuhudumia watu wengi waliokaa mbele ya mashine moja, kila mmoja akitaka zamu yake na mafaili yake yasiguswe na jirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini kipya cha mfumo endeshi kwa kufuata mtindo huo, Linux, na tangu 2008 kiini hicho kimo ndani ya simu za Android.

Basi ishike simu yako. Wimbo unapigwa, mama anakupigia, wimbo unajinyamazisha wenyewe: cheo kile kile. Lakini humo ndani mfumo endeshi si mmoja. Sehemu inayozungumza na mnara ina wake, wa ukoo wa kazi ya Laning, maana haitakiwi kuchelewa hata kidogo. Katika mtandao wa 2G kila simu hupewa nafasi ya kusema isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikichelewa, inaingia kwenye zamu ya mwenzake.

Na kuna wa tatu, mdogo kuliko wote, ambao naona tumeupuuza mno. Laini yenyewe ni kompyuta: ina kichakata, kumbukumbu na mfumo endeshi. Machi 2007, M-Pesa ilipoanza Kenya, wateja wengi walikuwa na mulika mwizi, simu zisizoweza kupakua chochote. Menyu ikawekwa ndani ya laini. Mtu alipochagua kutuma pesa, kilichomwomba namba ya siri kilikuwa kipande cha chuma na plastiki kilichojificha chini ya betri.