Mwembe wa Jirani: DNA Kabla ya Kesi za Ubaba

Ukitaja DNA kwenye kijiwe chochote cha Kinyerezi, mazungumzo hugeukia papo hapo swali la mtoto ni wa nani. Si ajabu, kwani wengi wetu tumekijua kipimo hicho kupitia maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na migogoro ya kifamilia. Historia, hata hivyo, yasema vingine: kipimo hicho kilizaliwa katika msako wa maradhi.

Mwaka 1978, Yuet Wai Kan na Andrée Dozy wa San Francisco walichunguza selimundu, yaani sikoseli, miongoni mwa Wamarekani Weusi. Waliona kuwa mara nyingi jeni ya ugonjwa huandamana na tofauti ndogo ya DNA iliyo kando yake. Tofauti hiyo haidhuru. Inaelekeza tu, kama tunavyomwelekeza mgeni huku mitaani kwa mwembe wa jirani. Mwaka 1980, David Botstein na wenzake wakapendekeza jenomu nzima ichorewe ramani kwa alama za aina hiyo.

Tatizo ni kwamba nyingi za alama hizo zilikuwa na sura mbili tu, hivyo zilishindwa kuwatofautisha ndugu wengi. Mnamo Septemba 1984, Alec Jeffreys wa Leicester, akitafuta alama bora za kufuatilia jeni, alikuta sehemu ambazo kipande cha DNA hujirudia, na idadi ya marudio hutofautiana sana baina ya watu. Kufikia 1989 yalikuwa yametambuliwa marudio mafupi zaidi, kama CA, CA, CA: huyu anayo 14, yule 19. Ikiwa katika familia nyingi ndugu wagonjwa wamerithi urefu mmoja na wazima wameukosa, jeni inayosakwa iko jirani. Mahakama na uhamiaji viliazima chombo hicho baadaye.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye funzo letu. Kan na Dozy walipopima sampuli za Kenya, matokeo yao ya 1980 yalionyesha kuwa selimundu ya huko haikuandamana na alama ile ya Marekani. Mwembe ule ulikuwa wa Afrika Magharibi, walikotoka mababu wengi wa Wamarekani Weusi. Ugonjwa ni mmoja, ujirani ni mwingine.

Kwa hiyo ramani iliyochorwa kwa damu ya wengine yaweza kutupoteza. Kazi ya Muhimbili, ambako wagonjwa wa selimundu wamefuatiliwa tangu 2004 na jenomu za zaidi ya elfu moja kati yao kuchambuliwa, ni suala la uraia kama lilivyo la sayansi. Tangu 2009 tuna sheria ya kusimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu. Kulinda sampuli ni wajibu. Kuhakikisha familia iliyotoa damu inanufaika na ramani ni wajibu wa pili, nao usisubiri kesi ya ubaba.