Madaftari ya Hopper na lugha ya kompyuta

Vijana wetu wanaounda programu hunakili vipande vya msimbo mitandaoni kwa kubofya tu. Desturi hiyo ni kongwe. Kuanzia 1944, Grace Hopper na wenzake walioishughulikia kompyuta ya Mark I katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliweka madaftari ya maagizo yaliyokwisha kufanya kazi. Ukihitaji hesabu fulani, unamwomba mwenzio daftari, unanakili kwa mkono. Hapo ndipo balaa: B iliyoandikwa ovyo ikageuka 13! (Wasomaji wa miswada ya tenzi kwa hati ya Kiarabu wanaijua shida hii; nukta ikihama, neno limekwenda.)

Hopper akaamua kunakili kufanywe na mashine yenyewe. Mwaka wa 1952 programu yake, A-0, ikawa inaokota vipande vilivyohifadhiwa kwenye utepe na kuviunganisha.

Baadaye akataka maagizo yawe maneno ya kawaida. Akawaonyesha wakubwa wake programu ileile kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wakashtuka: kompyuta ya Marekani itajuaje Kifaransa? Ikambidi aahidi Kiingereza pekee. Wanaodai Kiswahili hakiwezi kuiamuru kompyuta wasisahau kwamba aliyekataa siku ile hakuwa mashine. Kwake, maneno ya lugha zote tatu yalikuwa alama tu.