Chatu wa Kinshasa, Mamba wa Ziwa Letu

Leo naandika historia ya karatasi ambazo wazee wengi wangefungia karanga: magazeti ya zamani ya katuni za kutisha. Sisi tuliotoka Kongo tunasema "bede". Wenzetu waliokulia kambi za Tanzania wanasema "katuni", na wengi wanamkumbuka Ndumilakuwili wa gazeti la Sani. Lakini Ndumilakuwili alikuwa wa kuchekesha. Mimi nasemea yale ya kukufanya usitoke nje usiku peke yako.

Kwanza twende mbali kidogo. Mwaka 1950, kule Marekani, kampuni ya EC ilianza kutoa Tales from the Crypt, hadithi za maiti wanaofufuka na wauaji wanaolipwa kwa matendo yao. Vijana walizipenda sana. Mwaka 1954 daktari wa akili, Fredric Wertham, akatoa kitabu kusema katuni zinaharibu watoto. Seneti ikamsikiliza mchapishaji wa EC, William Gaines. Wachapishaji wenyewe wakatunga kanuni kali, na magazeti ya kutisha ya EC yakafungwa. Mwaka 1955 Uingereza nayo ikatunga sheria ya kuyazuia. Baadaye, mwaka 1964, likaja gazeti la Creepy na ujanja wake: lilikuwa kubwa kama magazeti ya watu wazima, rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kanuni za katuni hazikulishika.

Leo nakala za zamani za EC zinauzwa kwa pesa nyingi. Kwa nini bado zipo? Kwa sababu Gaines mwenyewe aliweka nakala akiba, na kuna watoto waliozificha wazazi wasizione.

Sasa turudi huku kwetu. Mwaka 1990, Kinshasa, mchoraji anayejiita Papa Mfumu'eto 1er alitoa kijitabu cha Kilingala: Nguma ameli mwasi na kati ya Kinshasa, yaani chatu amemeza mwanamke ndani ya Kinshasa. Tajiri mmoja anamchukua msichana. Wakifika ndani, yule mwanaume anageuka nyoka, anammeza, halafu anatapika pesa. Kijitabu kilikuwa cha karatasi rahisi, cha kuuzwa mtaani kwa watu wa mtaani.

Si unaona mwaka wenyewe? Ni mwaka uleule Mobutu aliotangaza, mwezi wa 4, kwamba utawala wa chama kimoja unaisha. Watu wengi walimsoma yule nyoka kama picha ya wakubwa wanaokula watu na kutoa pesa. Jambo ambalo ungeogopa kulisema hadharani, unaweza kulichora kama nyoka, na kila mtu akakuelewa.

Hizo karatasi za Papa Mfumu'eto ziko wapi leo? Sehemu kubwa imehifadhiwa kwenye chuo kikuu cha Florida, Marekani, kupitia kazi ya mwanahistoria Nancy Rose Hunt. Tunamshukuru, maana bila kazi hiyo nyingi zingeoza. Lakini kijana wa Uvira au wa Rumonge akitaka kuzishika kwa mkono, atahitaji viza.

Na sisi wa pwani hii ya Tanganyika tuna mnyama wetu: Gustave, yule mamba mkubwa wa Rusizi na ziwa. Jina alipewa na Mfaransa Patrice Faye, ambaye alijaribu kumkamata kwa kizimba cha chuma akashindwa. Inasemekana aliua watu wengi, hesabu inatofautiana kwa kila msimuliaji. Watu walisema pia kwamba alizoea nyama ya binadamu kwa sababu ya maiti waliotupwa mtoni wakati wa vita. Iwe kweli au uvumi, hebu sikiliza maneno hayo vizuri. Kama chatu wa Kinshasa alikuwa anaongelea utawala, mamba wetu alikuwa anaongelea vita. Mwaka 2007 Marekani wakatoa filamu yake, Primeval, iliyopigwa Afrika Kusini. Hofu ilikuwa ya wavuvi na mama zetu wanaochota maji, lakini picha walichora wengine.

Ndiyo maana nasema tukusanye. Ukipata gazeti la zamani la katuni, la Kiswahili, Kifaransa au Kilingala, usilitupe hata kama jalada limepotea. Andika kwenye karatasi ya pembeni, siyo juu ya gazeti: umelipata wapi, mwaka gani, nani alikuwa akilisoma. Nawa mikono kwanza, maana mawese ya Rumonge hayatoki kwenye karatasi. Liweke mbali na sakafu, unyevu wa ziwa na mchwa hawana huruma. Piga picha kila ukurasa kwa simu na umtumie mwenzako, ili mmoja akipoteza simu, mwingine abaki nazo. Vipeperushi vya kipindupindu vyenye michoro navyo weka, kesho vitakuwa historia.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: kijana akichora mzimu au mamba, msiharakishe kusema ni imani za kishirikina. Ulizeni taratibu mnyama huyo anakula nani. Lakini msimlazimishe mtu kuchora usiku aliokimbia. Na michoro isiwekwe majina ya watu, kuna wengine bado wanatafutwa.

Tulipokimbia tulibeba mtoto, sufuria na kitambulisho. Hakuna aliyebeba bede, na hakuna wa kumlaumu. Ila sasa tumekaa, na jioni wazee bado wanasimulia. Daftari na kalamu vinatosha kuanza.