Neno "Shoti" na Historia ya Umeme Vyomboni

Mafundi wetu wana neno moja walitumialo kwa mambo mawili. Mtu aliyepitiwa na umeme mwilini husemwa kuwa amepigwa shoti. Na nyumba iliyoungua kwa sababu ya nyaya kugusana husemwa kuwa imeunguzwa na shoti. Nchi kavu mchanganyiko huu hauleti madhara makubwa, kwani penye volti 240 hatari zote mbili hukaa pamoja, na aiogopaye moja hujihadhari na nyingine pia. Chomboni sivyo. Huko hatari hizi zilikwisha kutengana zamani, na istilahi yetu haijafuata.

Mwaka 1880 meli ya Kimarekani iitwayo Columbia ilitiwa taa za Edison, ikawa miongoni mwa vyombo vya kwanza kuangazwa kwa namna hiyo. Mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza, HMS Inflexible, iliingia kazini ikiwa na umeme wa volti 800. Mwaka 1882 mtu mmoja aliuawa na umeme huo, kifo cha kwanza cha aina hiyo katika jeshi la wanamaji la Uingereza. Na baada ya hapo jeshi hilo likachagua volti 80 kuwa kipimo cha meli zake. Nia ilikuwa kuukinga mwili wa baharia.

Vyombo vidogo vya siku hizi vimeshuka zaidi, hata kufikia volti 24 au 12 za betri. Kwa kawaida volti hizo hazimdhuru mtu mwenye ngozi kavu. Basi mvuvi aambiwaye kwamba betri yake "haipigi shoti" ameambiwa kweli kwa maana ya kwanza ya neno. Akiipokea kauli hiyo kwa maana ya pili, ataunguza mashua yake katikati ya maji. Jambo hili si dogo kwetu, kwani wavuvi wengi wa dagaa, mwambaoni na katika Ziwa Victoria, wameacha karabai na kushika taa za betri.

Sababu yenyewe ni hesabu nyepesi. Volti zikipungua na kazi ikabaki ile ile, mkondo huongezeka. Taa ya wati 60 kwenye volti 240 hutumia robo ya ampea; kwenye volti 12 hutumia ampea 5, yaani mara ishirini. Na joto la waya hutokana na mkondo, si volti. Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5, mita 10 kwenda kwenye taa na mita 10 kurudi: katika safari hiyo hupotea zaidi ya volti 1, karibu sehemu ya kumi ya zote zilizopo. Nyaya hizo zikigusana karibu na betri, mkondo waweza kufika mamia ya ampea, na waya ukawa kaa la moto ndani ya mbao. Kwa hiyo msemo "umeme mdogo," usikikao sana, wafaa uachwe. Kilicho kidogo ni volti. Mkondo ni mkubwa.

Neno mkondo lenyewe halina kasoro. Manahodha walikuwa nalo kabla ya mafundi, nao wajua kwamba maji yakipita mahali pembamba hukaza mwendo. (Bahari imetupa zaidi ya hilo: nchini Kenya umeme huitwa stima, jina ambalo pia ni la meli ya mvuke.)

Lenye taabu ni "waya wa ardhi," au "ethi," linapotajwa kwa ule waya wa kurudi kwenye betri. Meli nyingi za chuma za zamani zilitumia ubavu wake kuwa njia ya kurudishia mkondo. Ila Ørsted alikwisha kuonyesha mwaka 1820 kwamba mkondo huipindua sindano ya dira, na waya mmoja upitao peke yake karibu na dira humpoteza nahodha. Nyaya mbili zikipita pamoja, za kwenda na kurudi, athari hizo hufutana. Jahazi la mbao halina ubavu wa chuma wala ardhi. Lina waya wa kwenda na waya wa kurudi, na yatosha kuuita hivyo.

Twaona basi kwamba "shoti" libakizwe kwa nyaya zinazogusana, na yampatayo mtu yaitwe "mshtuko wa umeme," maneno ambayo msomaji anayo tayari. Hapo mwongozo wa fundi wa mashua utaweza kuandikwa bila utata: volti 12 humkinga mtu na mshtuko, fyuzi hukikinga chombo na shoti, nayo huwekwa jirani kabisa na betri, na ukubwa wake huchaguliwa kwa kuuangalia waya, si taa.